Mpangilio wa skrini umegoma kwenye Flutter: soma mipaka kwanza, namba baadae

Kama unaandika apu kwa Flutter lazima ushakutana na ile mistari ya njano na nyeusi pembeni ya skrini inayosema kitu kimezidi nafasi, au umehifadhi faili afu skrini nzima ikawa tupu huku konsoli inamwaga makosa kibao mpaka hujui uanzie wapi. Wengi wakifika hapo wanakimbilia namba. Height ilikuwa 200 wanaweka 180, bado, wanaweka 160, mistari imepotea, wanaendelea na mengine. Tatizo halijaisha, limeisha kwenye simu yako wewe tu, akija mtu mwenye simu ndogo au mzee aliyekuza maandishi linarudi palepale, na kibaya zaidi ni kwamba ile mistari inatokea kwenye dibagi peke yake, yaani toleo unalojaribia wakati unaandika. Kwenye toleo unalopeleka Play Store hamna mistari, kitu kinakatwa kimyakimya na mteja anaona nusu ya kitufe.

Kabla ya dalili yoyote shika hili, maana kila kitu huko chini kinatoka hapa. Kila kitu kwenye skrini ya Flutter ni wijeti, inayobeba nyingine ndani yake ndo mzazi, iliyobebwa ndo mtoto. Mzazi anampa mtoto mipaka, yaani upana wa chini kabisa na wa juu kabisa, na urefu hivyohivyo. Mtoto anachagua saizi yake ndani ya hiyo mipaka na kumrudishia mzazi. Mzazi ndo anaamua mtoto akae wapi. Basi. Mtoto hajui yuko upande gani wa skrini na hawezi kujipa saizi nje ya alichopewa. Mipaka yenyewe inaweza kuwa imebana, yaani chini na juu ni namba moja hamna kuchagua, inaweza kuwa imelegea, yaani kuanzia sifuri mpaka namba fulani, au inaweza isiwe na mwisho kabisa, na hii ya mwisho ndo inayosumbua watu kuliko zote. Kwaiyo swali la kuuliza kila siku sio "niweke namba gani", ni "huyu mtoto kaambiwa nini na mzazi wake".

Kosa lenyewe linasema nini

Konsoli ikiandika "A RenderFlex overflowed by 42 pixels on the right" usiishie kwenye hiyo 42. Shuka kidogo utaona wijeti iliyosababisha, jina la faili na namba ya mstari, bonyeza hapo itakupeleka moja kwa moja. Afu shuka tena mpaka kwenye mstari wa constraints, utakuta kitu kama BoxConstraints(0.0<=w<=328.0, 0.0<=h<=Infinity), w ni upana, h ni urefu, Infinity ni bila mwisho. Huo mstari ndo wenye majibu na ndo watu wanauruka. Hiyo 328 imetoka wapi? Simu nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 720 kwa 1600 na uwiano wa 2, kwaiyo Flutter inaona upana wa 360, toa Padding (nafasi tupu ya pembeni) ya 16 kushoto na 16 kulia inabaki 328. Row yako, wijeti inayopanga watoto kwa upande na ndo hiyo RenderFlex, imepewa 328, watoto wake ukiwajumlisha wanafika 370, ndo hiyo 42. Na ukiona h ina Infinity ujue uko ndani ya kitu kinachoskroli, au ndani ya Column (inayopanga watoto juu kwenda chini) ambayo haijamwekea mtoto wake kikomo.

Kitu kingine, makosa yakiwa mengi panda juu mpaka la kwanza kabisa. "RenderBox was not laid out" na lile la hasSize karibu siku zote ni matokeo, sio chanzo. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima anatafuta maana ya hilo la mwisho wakati chanzo kimeandikwa vizuri tu mistari mia mbili juu yake.

Dalili: mistari ya njano upande wa kulia

Hapa mhusika ni Row. Row inapima watoto kwa awamu mbili. Kwanza wale wasio na Expanded wala Flexible, na hao inawaambia chukueni upana mnaoutaka, kikomo hamna. Afu kilichobaki wanagawana wenye Expanded au Flexible. Ndo maana Text ndani ya Row haishuki mstari wa pili hata iwe ndefu vipi, imeambiwa upana hauna mwisho, sasa ivunje mstari kwa sababu gani? Na ndo maana pia ukiweka TextOverflow.ellipsis peke yake hamna kinachobadilika, nukta tatu zinakuja pale tu maandishi yanapogonga kikomo, na hapo kikomo hakipo.

Tuchukue mstari wa orodha ya miamala, kitu ambacho karibu kila apu ya pesa inacho: picha ya duara, jina na tarehe, afu kiasi upande wa kulia.

Row(
  children: [
    const CircleAvatar(radius: 20),
    const SizedBox(width: 12),
    Expanded(
      child: Column(
        crossAxisAlignment: CrossAxisAlignment.start,
        children: [
          Text(jina, maxLines: 1, overflow: TextOverflow.ellipsis),
          Text(tarehe),
        ],
      ),
    ),
    const SizedBox(width: 12),
    Text(kiasi),
  ],
)

Angalia Expanded imekaa wapi. Imeshika Column, ambayo ndo mtoto wa Row, haijashika Text iliyo ndani ya Column. Ukiiweka kwenye Text itajaribu kupanua kwenda chini kwa sababu mzazi wake wa karibu ni Column, na upana unabaki na shida ileile.

Na hapa kuna uamuzi ambao sio wa kiufundi kabisa, ni nani apungue nafasi ikiwa finyu. Mimi nasema jina likatwe, kiasi kisikatwe kamwe. Jina likiisha na nukta tatu mtu bado anamjua aliyemtumia, lakini "TSh 1,250,000" ikigeuka "TSh 1,25…" umempa mtu taarifa ya uongo kuhusu hela yake. Kwaiyo usitawanye Expanded kila mahali ili mistari ya njano ipotee, chagua mmoja wa kupungua na ujue kwa nini umemchagua yeye.

Tofauti ya Expanded na Flexible inachanganya watu. Expanded inamlazimisha mtoto ajaze fungu lake lote, Flexible inamwambia fungu lako mwisho hapa, unaweza kuchukua pungufu. Lakini kile alichokiacha hakirudi kwa mwenzake! Weka Text mbili kila moja kwenye Flexible, moja iwe fupi sana na nyingine ndefu, ile ndefu itakatwa nusu ya Row huku pembeni kuna nafasi imelala bure. Dawa ni ile fupi iachwe bila Flexible, ichukue inachohitaji, afu ile ndefu ndo uipe Expanded.

Vitufe viwili sambamba, mfano "Ghairi" na "Thibitisha malipo", hivyo usivibane kwenye Row. Tumia OverflowBar, vikitosha vinakaa mstari mmoja na visipotosha vinapangwa juu na chini vyenyewe. Vikiwa vibandiko vidogovidogo vingi vya kuchuja bidhaa, Wrap ndo mahali pake. FittedBox nayo inaondoa mistari ya njano haraka sana na ndo maana inapendwa, ila inachofanya ni kusinyaza maandishi, sasa ukiwa na orodha kila mstari unatoka na saizi yake ya herufi na inaonekana vibaya mno. Iache kwa namba moja kubwa ya salio pale juu.

TextField ndani ya Row inatoa kosa lake tofauti, linaanza na "An InputDecorator", kwamba haiwezi kuwa na upana usio na mwisho. Chanzo ni kilekile, ifunge kwenye Expanded.

Dalili: mistari ya njano chini, hasa kibodi ikipanda

Skrini ya kuingia, unabonyeza kuandika namba ya simu, kibodi inapanda, "overflowed by 118 pixels on the bottom". Scaffold, ile fremu inayobeba ukurasa mzima, ina kitu kinaitwa resizeToAvoidBottomInset na kwa kawaida iko true, maana yake kibodi ikipanda mwili wa ukurasa unafupishwa. Column uliyoipima ikatosha kwenye urefu wa 700 sasa imepewa 400.

Ushauri unaozunguka sana ni kuweka hiyo kitu false. Usifanye hivyo. Mistari inapotea kweli, lakini ukurasa haupungui tena, kwaiyo kibodi inafunika nusu ya chini, na kwenye fomu nyingi nusu ya chini ndo yenye nywila na kitufe cha kuendelea. Umeondoa kelele umemwachia mtumiaji tatizo. Ufumbuzi ni kuruhusu ukurasa uskroli, funga Column kwenye SingleChildScrollView, na pale mtu anapobonyeza sehemu ya kuandika Flutter yenyewe inaisogeza ionekane.

Kama fomu iko kwenye ile karatasi inayopanda kutoka chini, yaani showModalBottomSheet, hapo kuna mambo mawili na yote yanahitajika: weka isScrollControlled: true, afu mpe mtoto Padding ya chini yenye MediaQuery.viewInsetsOf(context).bottom, yaani urefu wa kibodi. Ukisahau ya kwanza karatasi haiendi juu zaidi ya sehemu fulani ya skrini, ukisahau ya pili kibodi inakaa juu ya fomu yako.

Jaribu pia kulaza simu. Upana unakuwa mwingi na urefu unabaki 360 au pungufu, fomu nyingi ambazo zimepita kila kitu zinaanguka hapo.

Dalili: skrini tupu, "Vertical viewport was given unbounded height"

Hii ni ListView ndani ya Column. Column inawaambia watoto wake wasio na Expanded kuwa urefu hauna mwisho. ListView kazi yake ni kujaza nafasi yote iliyopewa na kuskroli kilichozidi. Sasa ameambiwa nafasi haina mwisho, ajaze nini na askroli nini? Inashindikana na hakichorwi kitu. Kama hiyo orodha ndo sehemu kuu ya ukurasa na juu yake kuna kichwa tu au sehemu ya kutafuta, ifunge kwenye Expanded, imeisha.

Wengi wanapewa jibu la shrinkWrap: true na wanaliweka kila sehemu. Inafanya kazi ndio, ila elewa unalipa nini. ListView.builder nguvu yake yote ni kutengeneza vile vinavyoonekana tu. Ukiweka shrinkWrap ndani ya kitu kinachoskroli lazima ijue urefu wa vyote, kwaiyo inavitengeneza vyote. Orodha ya wilaya kumi hutaona tofauti, historia ya miamala elfu mbili kwenye simu yenye RAM ndogo itakwama na mtumiaji atahisi simu yake imekufa. Ukitaka kichwa, picha, na orodha ndefu viskroli kwa pamoja, ingia kwenye CustomScrollView yenye SliverToBoxAdapter kwa ajili ya vile vya juu na SliverList kwa ajili ya orodha. Majina ya sliver yanatisha mara ya kwanza lakini ni wiki ya kwanza tu, na ndo chombo sahihi.

Ndugu yake wa karibu ni hili: "RenderFlex children have non-zero flex but incoming height constraints are unbounded". Umeweka Expanded au Spacer ndani ya Column, na Column iko ndani ya SingleChildScrollView. Expanded anadai kilichobaki, lakini ukitoa chochote kwenye kitu kisicho na mwisho kinachobaki bado hakina mwisho. Na hili linakuja kwa watu wenye nia nzuri kabisa, wametaka kitufe kikae chini ya ukurasa simu ikiwa kubwa, na ukurasa uskroli simu ikiwa ndogo. Hivi ndo inavyofanyika:

CustomScrollView(
  slivers: [
    SliverFillRemaining(
      hasScrollBody: false,
      child: Column(
        children: [
          const Nembo(),
          const FomuYaKuingia(),
          const Spacer(),
          FilledButton(onPressed: ingia, child: const Text('Ingia')),
        ],
      ),
    ),
  ],
)

Nafasi ikiwepo Spacer inasukuma kitufe chini, nafasi ikiisha Spacer inakuwa sifuri na ukurasa unaskroli. Sharti lake moja, humo ndani usiweke ListView wala LayoutBuilder, kwa sababu inabidi iulize watoto urefu wao wa asili kabla ya kupanga na hao wawili hawawezi kujibu.

Dalili: nimeweka width 100, inajaza skrini nzima

Container(width: 100, height: 100) ikiwa ndo ya juu kabisa inajaa skrini yote na watu wanaona kama Flutter imewadharau. Mzazi wake hapo ni skrini, na skrini inatoa mipaka iliyobana, upana 360 urefu 800 hamna mjadala. Ile 100 yako inakubaliwa pale tu mipaka inaporuhusu. Weka Center au Align katikati, hawa wanapokea mipaka iliyobana na kumpa mtoto iliyolegea, utaona 100 yako inarudi. Jambo hilohilo linatokea kwenye ListView ya kwenda chini, watoto wanabanwa upana wote, kwaiyo kitufe chako chenye SizedBox(width: 120) kinanyooka mpaka mwisho. Align tena.

Kinyume chake ni "BoxConstraints forces an infinite width". Hii ina chanzo kimoja ambacho kinajificha vizuri sana na nataka kukieleza taratibu. Kwenye mada (theme) ya apu nzima mtu ameweka mtindo wa vitufe wenye minimumSize: Size.fromHeight(48), akitaka vitufe vyote vijaze upana. Inapendeza kwenye fomu. Miezi inapita, mwenzake anaweka kitufe kidogo ndani ya Row, apu inaanguka, na ukiangalia ile Row haina kosa lolote. Size.fromHeight maana yake urefu 48 na upana usio na mwisho, kwenye Column yenye kikomo cha upana inabanwa na kuwa sawa, kwenye Row ambayo haiweki kikomo inabaki bila mwisho. Kwenye mada weka Size(64, 48), afu vile vinavyotakiwa kujaza upana vifunge kwenye SizedBox(width: double.infinity) hukohuko vilipo.

Dalili: dibagi sawa, kwa mteja sehemu ya skrini ni ya kijivu

Kisanduku cha kijivu kwenye toleo la mwisho ni wijeti iliyokufa, kwenye dibagi ingekuwa nyekundu. Kwenye mambo ya mpangilio mshukiwa wa kwanza ni "Incorrect use of ParentDataWidget". Hili kwenye dibagi linaandikwa konsoli huku skrini mara nyingi inaonekana nzima kabisa, ndo maana linapuuzwa. Maana yake Expanded au Flexible haiko moja kwa moja chini ya Row au Column, kwa mfano umeifunga kwa Padding au Container, au Positioned haiko chini ya Stack, ile inayopanga watoto mmoja juu ya mwingine. Geuza mpangilio, Expanded iwe nje na Padding iwe ndani yake. Kosa la rangi nyekundu kwenye konsoli lisiachwe hata siku moja eti kwa sababu skrini inaonekana.

Dalili: nimeandika center lakini haiko katikati

Column kwa upana inachukua upana wa mtoto wake mpana kuliko wote, basi. Na mwili wa Scaffold unaanza kushoto juu. Kwaiyo crossAxisAlignment.center inaweka watoto katikati ya Column, na Column yenyewe imejibana kushoto. Sio kwamba haijakusikia. Ipe upana wote kwa SizedBox(width: double.infinity) au tumia CrossAxisAlignment.stretch kama unataka watoto wajaze. Kwa upande mwingine, mainAxisAlignment.spaceBetween haionyeshi kitu kama uliweka mainAxisSize.min, kwa sababu hamna nafasi ya ziada ya kugawa.

Hapa ndo kifaa cha Flutter Inspector kinapolipa. Fungua DevTools, chagua Row au Column inayosumbua, utaona kwa mchoro mipaka iliyopewa na saizi iliyochukua, na unaweza kubadilisha alignment hapohapo ukaona matokeo. Hata bila DevTools, debugPaintSizeEnabled = true inachora fremu kwenye kila kitu, na ukitaka kujua mipaka ya sehemu moja tu chomeka LayoutBuilder afu chapisha constraints. Unaona namba badala ya kukisia.

Dalili: kichwa kimeingia chini ya saa, kitufe kimekaa chini ya vitufe vya simu

Hii imeongezeka sana karibuni na sababu ipo. Kwenye Android 15, apu yenye targetSdk 35 (namba ya toleo la Android ambalo apu inalenga) inachorwa mpaka kingo za skrini kwa lazima, chini ya sehemu ya saa na chini ya vitufe vya simu. Na Google Play tangu tarehe 31 Agosti 2025 inataka apu mpya na masasisho yawe na targetSdk 35 au zaidi, kwaiyo apu iliyokuwa sawa miaka miwili umeisasisha kidogo tu na kitufe cha kulipa kimeshuka. Kulikuwa na upenyo wa kujitoa kwenye sharti hili la kingo, nao umefungwa kwenye Android 16 kwa wanaolenga 36, usijenge juu yake.

Dawa ni SafeArea, wijeti inayomsogeza mtoto mbali na sehemu ya saa na vitufe vya simu, ila iweke panapostahili. Scaffold yenye AppBar inashughulikia juu yenyewe. Chini ndo pamesahaulika. Ukifunga ukurasa wote kwa SafeArea unapata ukanda mtupu chini ya orodha, sio kosa ila sio pazuri, bora ufunge kile kitufe cha chini tu. ListView nayo ina tabia yake: usipoipa padding inajiongezea nafasi ya kingo yenyewe, siku ukiandika padding: EdgeInsets.all(16) inaacha, na kitu cha mwisho kwenye orodha kinajificha chini ya vitufe vya simu. Ongeza MediaQuery.paddingOf(context).bottom kwenye padding ya chini.

Dalili: mtumiaji kakuza maandishi, kila kitu kimepasuka

Tangu Android 14 mtu anaweza kukuza maandishi mpaka asilimia 200. Wanaofanya hivyo wanafanya kwa sababu hawaoni vizuri, ni wazazi wetu hawa. Ukiweka TextScaler.noScaling, inayozuia maandishi yasikuzwe, ili mpangilio wako ubaki mzuri umewafungia mlango, na nasema wazi kwamba hilo sio suluhisho. Tatizo kwa kawaida ni urefu uliogandishwa: SizedBox(height: 56) kuzunguka maandishi. Badilisha iwe ConstrainedBox yenye minHeight ya 56, ikihitaji zaidi iongezeke. Nafasi uipe kwa Padding, sio kwa height. Hata saizi za kubonyeza, zile 48 kwa 48 zinazopendekezwa kwenye Android, ni za chini kabisa, sio za kukazia hapohapo.

Na hesabu za aina ya MediaQuery.of(context).size.height * 0.35 kila mstari, sizipendi na sababu ni hii, maandishi hayakui kwa asilimia ya skrini. Unapata kisanduku kinachopungua simu ikiwa fupi wakati maneno ndani yake yamebaki na urefu uleule. Zinafaa kwa picha, hazifai kwa chochote chenye maneno.

Dalili: kitufe kinaonekana ila hakibonyezeki

Stack, na Positioned yenye top: -20 ili kitufe kichungulie nje ya kadi. Umeweka clipBehavior: Clip.none kikaonekana, lakini mzazi anapokea mguso ndani ya eneo lake tu, kile kipande cha nje ni picha ya kuangalia. Ipanue Stack yenyewe iweze kukibeba kitufe chote, kadi ndo uishushe ndani yake kwa Padding ya juu ya 20. Kama hakibonyezeki hata kikiwa ndani, angalia kilichoandikwa baada yake kwenye orodha ya watoto wa Stack, wa mwisho ndo yuko juu, na Container yenye rangi ya uwazi inakula mguso japo huioni. Ifunge kwa IgnorePointer.

Kuzuia isirudi

Emuleta kubwa inakudanganya. Tengeneza moja yenye 320 kwa 568 na uiache wazi muda wote unapoandika. Bora zaidi andika jaribio, maana kipimo cha kawaida cha majaribio ya Flutter ni 800 kwa 600, na hakuna simu ya mteja yenye umbo hilo:

testWidgets('haizidi kwenye simu ndogo', (tester) async {
  tester.view.physicalSize = const Size(640, 1136);
  tester.view.devicePixelRatio = 2;
  tester.platformDispatcher.textScaleFactorTestValue = 1.6;
  addTearDown(tester.view.reset);
  addTearDown(
      tester.platformDispatcher.clearTextScaleFactorTestValue);
  await tester.pumpWidget(const ApuYangu());
});

Haina expect yoyote na haihitaji, kitu kikizidi mipaka jaribio linafeli lenyewe. Jihadhari na jambo moja, fonti ya kawaida ya majaribio inachora kila herufi kama mraba, kwaiyo maneno yanakuwa mapana kuliko uhalisia na unaweza kupata feli ambayo kwenye simu haipo. Pakia fonti yako halisi kwa FontLoader kabla ya majaribio, afu endesha kwa kila ukurasa wenye fomu au hela.